Nani Mwenye Mtambo? Safari ya Magazeti kutoka Chicago hadi Atlanta

Jumatatu, Chicago

Namba 3435 mtaa wa South Indiana ni jengo la matofali lililojengwa mwaka 1899 liwe sinagogi. Mwaka 1921 Robert Sengstacke Abbott alifunga humo mtambo wake mwenyewe wa kuchapa, na gazeti la Chicago Defender likaendelea kutoka hapa hadi karibu 1960. Nimeanzia hapa kwa makusudi. Safari hii nafuata magazeti ya Marekani ya enzi za kupigania haki za kiraia, na ninachotafuta ni wenye magazeti: nani alikuwa na hisa, nani alilipia karatasi, mtambo ulikuwa wa nani, na siku walipochapisha jambo ambalo wakubwa wa mji hawakulitaka, walilipa nini. Nimefanya kazi dawati la habari Dar es Salaam kwa miaka mingi. Naijua habari iliyopita kwa mhariri salama ikaja kufia idara ya matangazo.

Abbott alikuwa mtoto wa Georgia aliyesomea sheria. Mei 1905 alianza na senti 25 na nakala 300, akifanyia kazi nyumbani kwa mama mwenye nyumba wake, Henrietta Lee. Mama huyo alimvumilia kodi, akamlisha, na Abbott alipopata fedha alimnunulia nyumba. Naitaja habari hii kwa sababu wanaohesabu mtaji wa Defender humhesabu Abbott peke yake.

Kwa nini alitaka mtambo wake? Julai 1919 ghasia za rangi ziliiwasha Chicago, Wazungu na Weusi wakauana mitaani, na waliokuwa wakimchapia gazeti wakakataa kazi ile kwa hofu ya kuvamiwa. Wiki ambayo wasomaji wake walihitaji gazeti kuliko wiki nyingine yoyote, Abbott alikuwa hana pa kulichapia. Akavuka mpaka wa jimbo hadi Gary, Indiana, likachapwa huko. Miaka miwili baadaye mtambo ukaingia kwenye sinagogi la zamani. Mtu akikuuliza kwa nini mwenye gazeti ajitie kwenye deni la chuma na wino badala ya kuajiri waandishi wazuri zaidi, mpe hadithi ya Gary.

Jambo la pili ni usambazaji. Kule Kusini kulikuwa na miji iliyolipiga gazeti hili marufuku au kulinyang'anya. Abbott alilipitisha mikononi mwa wahudumu Weusi wa mabehewa ya kulala ya Pullman, waliobeba mabunda na kuyashusha kando ya reli, na mabunda hayo yakaishia kwenye vinyozi na makanisa, ambako anayejua kusoma aliwasomea wenzake. Mauzo yalipita nakala 200,000 kwa wiki, na kila nakala ilipita mikono mingi. Fedha ya gazeti ilitoka zaidi kwa senti za msomaji kuliko kwa maduka makubwa ya Wazungu, kwa hiyo hakukuwa na mwenye duka wa kupiga simu. Abbott akawa mmoja wa mamilionea wa mwanzo Weusi wa nchi ile kwa kuandika waziwazi juu ya watu walionyongwa na makundi bila mahakama, na kwa kuwaambia watu wa Kusini wapande treni waje Kaskazini.

Alifariki 1940, kiti akakirithi mpwa wake, John Sengstacke. Mwaka huohuo Sengstacke aliwaita wamiliki wenzake wakaunda chama cha wachapishaji wa magazeti ya Weusi. Vita vilipokuja, na ndani ya serikali wakawepo waliotaka magazeti hayo yashtakiwe kwa uchochezi, alikwenda Washington mwaka 1942 kuonana na Mwanasheria Mkuu Francis Biddle. Akatoka na ahadi kwamba magazeti hayatashtakiwa. Mwaka 1956 akaligeuza Defender kuwa la kila siku.

Mchana nilipita Michigan Avenue namba 820, lilipokuwa makao ya John H. Johnson, mwenye majarida ya Ebony na Jet. Siku hizi ni makazi ya watu. Johnson alianza 1942 kwa mkopo wa dola 500, dhamana ikiwa samani za mama yake. Mwaka 1955 Mamie Till alipotaka dunia iuone uso wa mwanawe Emmett, mtoto wa miaka 14 aliyeuawa Mississippi, Jet ndiyo iliyochapisha picha ile. Naamini kwa moyo wote kwamba picha ile isingetoka mwaka ule kama mwenye jarida angekuwa anasubiri ruhusa ya bodi ya watu wengine.

Treni imeondoka saa mbili usiku. Inafuata njia ya Illinois Central ya zamani, ileile iliyoshusha mabunda ya Defender Kusini na kurudi Kaskazini na wasomaji wake.

Jumanne, Memphis

Tumefika kukipambazuka. Shemeji, mume wa dada yangu, mzaliwa wa Voi na dereva wa malori wa miaka mingi katika nchi hii, alikuwa ananisubiri kituoni na kahawa mkononi. Amechukua likizo aniendeshe hadi Atlanta.

"Shemeji, barabara zote hizi nazijua," aliniambia, "ila mimi najua vituo vya mafuta tu. Wewe utanionyesha kingine."

Tukaenda Beale Street, kwenye sanamu ya Ida B. Wells iliyozinduliwa 2021. Enzi za haki za kiraia zilikuja miaka mingi baada yake, lakini ukianza na Martin Luther King bila Ida, umeanza katikati. Alizaliwa utumwani Holly Springs, Mississippi, mwaka 1862. Alikuwa mwalimu, na mwaka 1889 alialikwa kuandikia gazeti la Memphis lililoitwa Free Speech and Headlight. Akajibu kwamba haingii ila kwa usawa na wale wanaume wawili waliokuwa nalo. Akanunua theluthi yake. Alikuwa na umri wa miaka 27.

Kisha alilitembeza mwenyewe kwenye treni za Delta, nchi ya pamba ya Mississippi, akitafuta wanachama wa kulipia. Alipogundua kwamba wachuuzi huwauzia magazeti mengine wasiojua kusoma wakiwaambia ndilo Free Speech, akaanza kulichapa kwenye karatasi ya rangi ya waridi. Asiyejua kusoma akawa anajua gazeti lake kwa macho. Nimefanya kazi na watu wa masoko wenye shahada mbili, na sijaona aliyewaheshimu wasomaji wake hivyo.

Machi 1892 Thomas Moss, rafiki yake, na wenzake wawili, Calvin McDowell na Will Stewart, walitolewa jela wakauawa na kundi la Wazungu. Kosa lao lilikuwa duka la vyakula lililomshinda mfanyabiashara Mzungu wa jirani. Ida akaandika kwamba mji usiomlinda Mweusi auhame. Watu wakahama kwa maelfu, wengine wakasusa tramu, mpaka wakubwa wa kampuni ya tramu wakaja ofisini kwake kumwomba awatulize wateja. Mei akaandika tahariri iliyoivua nguo hoja ya ubakaji iliyokuwa ikitumiwa kuhalalisha mauaji yale. Ofisi ikavunjwa, mtambo ukaharibiwa. Yeye alikuwa safarini Mashariki, akaonywa kwamba akirudi atauawa.

Nilipomsimulia shemeji haya, alinyamaza kidogo, halafu akasema: "Hiyo si kama ya Muoria?" Alikuwa sahihi. Henry Muoria, mwenye gazeti la Kikuyu la Mumenyereri, alikuwa London mwaka 1952 Hali ya Hatari ilipotangazwa Kenya. Gazeti likafungwa nyuma yake, akabaki Uingereza uhamishoni. Kati ya Memphis na Nairobi kuna miaka 60, na walioogopa magazeti hayo mawili walitumia njia ileile: mwandishi akiwa mbali, mguse mtambo.

Beale Street ndiko pia alikokuwa Ernest Withers, mpiga picha aliyeandamana na vuguvugu lote, tangu kesi ya wauaji wa Emmett Till hadi mgomo wa wafanyakazi wa usafi wa 1968. Mwaka 2010 gazeti la Commercial Appeal lilifichua kwamba alikuwa pia akiipa taarifa FBI, idara ya upelelezi ya serikali. Nimeziangalia picha zake kwenye jumba la makumbusho nikijua hilo. Ni picha kubwa, na sitaki kulifunika jambo moja kwa lingine.

Jumatano, Little Rock

Tumevuka mto Mississippi alfajiri tukashika barabara ya I-40 kuelekea magharibi. Leo nitaandika kirefu, kwa sababu hakuna mji unaoonyesha ninachotafuta kama huu.

Lucius Christopher Bates, anayejulikana kama L.C., na mkewe Daisy walianzisha Arkansas State Press Mei 1941, gazeti la kila wiki. Machi 1942 sajini Mweusi wa jeshi, Thomas Foster, alipigwa risasi na polisi wa mji kwenye mtaa wa West Ninth. State Press likaandika lilivyoona. Wenye maduka ya katikati ya mji wakaondoa matangazo yao mara moja. Gazeti lilikuwa halijatimiza mwaka. L.C. na Daisy wakazunguka jimboni kutafuta wasomaji hadi mauzo yakaziba pengo la matangazo. Mwaka 1946 walihukumiwa siku 10 jela na faini kwa kuikosoa kesi ya wagomaji wa kiwanda cha mafuta ya pamba. Mahakama Kuu ya jimbo ikaitengua hukumu.

Kufikia 1957 Daisy alikuwa pia rais wa tawi la Arkansas la NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, na ndiye aliyewasimamia watoto tisa Weusi waliokwenda kuingia shule ya Wazungu ya Central High. Tumeiona nyumba yake, namba 1207 West 28th, ya ghorofa moja na dirisha pana mbele. Jiwe lilipita kwenye dirisha lile usiku mmoja wa Agosti, limefungwa karatasi: mara hii jiwe, mara ijayo baruti.

Kutoka pale tukaenda shuleni kwenyewe. Ni jengo kubwa kupita nilivyolifikiria, na bado wanafunzi wanasoma humo. Asubuhi ya Septemba 23, 1957 waandishi wanne Weusi walikuja kwa miguu: James Hicks wa Amsterdam News ya New York, Moses Newson wa Afro-American ya Baltimore, mpiga picha Earl Davy wa State Press, na L. Alex Wilson, mhariri wa Tri-State Defender ya Memphis, tawi la gazeti la Sengstacke. Kundi la Wazungu likawarukia. Wakati linashughulika nao, wale watoto tisa wakapenya mlango wa pembeni. Wilson, mtu mrefu, aliyevaa suti, hakukimbia. Alipigwa mateke na tofali, kofia ikaanguka, akainama akaiokota, akaikunja vizuri, akaendelea kutembea. Picha zake zilipigwa na Will Counts wa gazeti la Arkansas Democrat. Wilson aliugua tangu pale na alikufa 1960, akiwa na miaka 51.

Sasa nirudi kwenye fedha. Katika mji huohuo, majuma hayohayo, kulikuwa na gazeti lingine lililosimama upande wa sheria: Arkansas Gazette, mali ya familia ya Heiskell tangu 1902. Mzee J.N. Heiskell alikuwa na miaka 84, na mhariri wake Harry Ashmore aliandika dhidi ya gavana Orval Faubus, aliyewazuia watoto wale. Baraza la Raia, chama cha Wazungu waliopinga shule kuchanganywa, likapanga mgomo wa kulisusa gazeti. Gazette likapoteza wasomaji kwa maelfu, na hasara inayotajwa ni dola milioni 2. Mwaka 1958 likapata tuzo mbili za Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, moja ya gazeti na moja ya Ashmore. Likaumia, lakini likaishi hadi 1991.

State Press lilipigwa mgomo huohuo. Matangazo yakakauka, mawakala wakatishwa. Likafa Oktoba 1959, baada ya miaka 18. Pulitzer haikufika kwa Bates.

Simpunguzii Heiskell ujasiri wake. Mzee wa umri ule angeweza kukaa kimya, na mshindani wake wa mjini alinufaika kwa kuwa mpole. Lakini naona watu wakisimulia Little Rock kana kwamba magazeti mawili yalipanda mlima mmoja na moja likachoka. Heiskell alikuwa na akiba ya nusu karne, majengo, na benki zilizomfungulia mlango. L.C. na Daisy walikuwa na gazeti peke yake, na nyumba yenye dirisha lililovunjwa. Mwaka 2024 sanamu ya Daisy Bates iliwekwa katika Bunge la Marekani kuiwakilisha Arkansas. Ningependa pia anayeisimamia aandike pale chini kwamba alikuwa mchapishaji.

Alhamisi, Greenville na Lexington

Delta ya Mississippi ni tambarare hadi macho yanachoka. Pamba inavunwa sasa, mashine zinaacha nyuma marobota ya mviringo yaliyofungwa plastiki. Shemeji amezima redio mwenyewe.

Greenville tulipita haraka. Hapa Hodding Carter alimiliki Delta Democrat-Times, akapata Pulitzer 1946 kwa tahariri zilizotetea wanajeshi Wamarekani wenye asili ya Kijapani. Mwaka 1955 Bunge la jimbo lilipiga kura 89 kwa 19 kumwita mwongo kwa alichoandika juu ya Baraza la Raia. Akajibu kwenye gazeti lake mwenyewe kwamba naye amepiga kura, moja kwa sifuri, na waongo ni wale 89. Jibu la namna hiyo anaweza kulitoa mtu ambaye bosi wake ni yeye.

Lexington ni mji mdogo, mahakama ya matofali katikati na maduka yakiizunguka. Nilitaka kufika hapa kwa ajili ya Hazel Brannon Smith, mwanamke Mzungu wa Alabama aliyenunua Durant News mwaka 1936 na Lexington Advertiser 1943. Miaka ya mwanzo aliutetea ubaguzi kama majirani zake. Kilichombadilisha ni polisi. Mwaka 1954 aliandika kwamba sherifu, mkuu wa polisi wa wilaya, amempiga risasi kijana Mweusi bila sababu. Sherifu akamshtaki kwa kashfa na baraza la mahakama likampa dola 10,000, ingawa Mahakama Kuu ya Mississippi baadaye ilifuta hukumu hiyo. Mumewe akaondolewa kazini kama msimamizi wa hospitali ya wilaya. Matangazo yakaondoka. Wakubwa wa mji wakaanzisha gazeti jipya la kushindana naye.

Alichokuwa nacho yeye ni mtambo, na alichofanya na mtambo huo ndicho kinachonifanya nimheshimu kuliko tahariri zake. Mwaka 1961 Medgar Evers, kiongozi wa NAACP Mississippi, na wenzake walipoanzisha Mississippi Free Press mjini Jackson, Hazel ndiye aliyewachapia. Mwaka 1964 akawa mwanamke wa kwanza kupata Pulitzer ya tahariri. Watu Weusi wa wilaya yake, Holmes, wakamchangia fedha. Deni halikuisha. Gazeti lilifungwa 1985, nyumba ikachukuliwa, na alifariki 1994 akiwa maskini.

Kilomita chache magharibi mwa Lexington ni Mileston. Hapo ndipo serikali ya Rais Roosevelt iliwakatia wakulima Weusi mashamba wakayamiliki kwa mkopo. Aprili 1963 kundi la kwanza la wilaya kwenda mahakamani kujiandikisha kupiga kura lilitoka zaidi kwa wenye mashamba hao. Hawakuwa na bwana shamba wa kuwafukuza. Mmoja wao, Hartman Turnbow, alichomewa nyumba kwa mabomu ya petroli mwezi uliofuata, kisha akakamatwa yeye akidaiwa kujichomea. Hazel aliandika kupinga kukamatwa huko. Tulisimamisha gari kando ya barabara ya Mileston, na shemeji, ambaye baba yake alikuwa kibarua wa mkonge maisha yake yote, akaniambia taratibu: "Sasa naelewa kwa nini umenileta huku." Tukakaa hapo muda mrefu.

Ijumaa, Jackson

Familia ya Hederman ilikuwa na Clarion-Ledger, na 1954 ikanunua Jackson Daily News pia. Magazeti makubwa mawili ya mji mkuu wa jimbo chini ya ukoo mmoja ulioamini ubaguzi kama dini. Baada ya maandamano ya Washington ya 1963, kichwa cha habari cha Clarion-Ledger kiliwaita walioandamana takataka. Medgar Evers alipouawa Juni 1963 na Byron De La Beckwith akakamatwa, gazeti likaandika kwamba Mkalifornia ameshtakiwa. Beckwith alikuwa amekulia Greenwood, Mississippi, tangu akiwa mtoto mdogo. Ukweli wa cheti cha kuzaliwa umetumika kusema uongo, na anayejua kazi ya mhariri anajua kwamba kichwa kile kilifikiriwa.

Nilichokuja kukitazama hasa ni Percy Greene, Mweusi, mwenye Jackson Advocate. Alianza vizuri, akipigania haki ya kupiga kura miaka ya 1940. Kisha ikaja Sovereignty Commission, tume ya serikali ya jimbo iliyoundwa 1956 kulinda ubaguzi na kupeleleza raia. Ikamlipa, na gazeti lake likawashambulia King na NAACP. Faili za tume zilifunguliwa 1998 na malipo yamo. Gazeti la Mweusi lilikuwepo, jina lake kwenye mlango, na wasomaji wake bado walihitaji Mississippi Free Press lililochapwa na mwanamke Mzungu wa Lexington.

Akina Hederman waliuza magazeti yao 1982. Chini ya wenye mali wapya, Clarion-Ledger hilohilo lilimtoa ripota Jerry Mitchell, ambaye uchunguzi wake ulisaidia kesi ya Beckwith kufunguliwa tena. Alihukumiwa kifungo cha maisha 1994. Tulikwenda nyumbani kwa Evers, tukasimama kwenye njia ya gari alipoangukia. Sina la kuandika juu ya hapo.

Jumamosi, Montgomery

Tumepita Selma na kuvuka daraja lake, tukafika mchana.

Desemba 1955, usiku uleule Rosa Parks alipokamatwa kwa kukataa kumwachia Mzungu kiti basini, Jo Ann Robinson aliingia chuoni alikofundisha, Alabama State College, akawasha mashine ya kurudufu, na kulipokucha makumi ya maelfu ya vikaratasi vya kususa mabasi vilikuwa tayari. Siku chache baadaye E.D. Nixon, kiongozi wa Weusi mjini, akamdokeza Joe Azbell, mwandishi wa gazeti la Montgomery Advertiser, habari ikatoka ukurasa wa mbele Jumapili. Gazeti lililotaka kuwaonya Wazungu likawa limewatangazia mgomo Weusi ambao kikaratasi hakikuwafikia.

Machi 29, 1960 wafuasi wa King walilipa karibu dola 4,800 kwa ukurasa mzima wa tangazo katika New York Times, kuchangisha fedha za kumtetea. Lilikuwa na makosa madogo: lilisema King amekamatwa mara saba, kumbe nne, lilitaja wimbo usio ule walioimba wanafunzi. Nakala 394 tu ndizo zilizofika Alabama yote, kama 35 kati ya hizo katika wilaya ya Montgomery. Kamishna wa mji L.B. Sullivan, ambaye hakutajwa jina, akashtaki na kupewa dola 500,000. Wengine nao wakashtaki. Times likaacha kwa muda kupeleka waandishi Alabama wasije wakapewa hati za mashtaka. Magari ya wachungaji wanne waliounganishwa kwenye kesi, Abernathy, Shuttlesworth, Seay na Lowery, yakakamatwa. Ilikuwa njia ya kuwafilisi wenye gazeti la mbali waache kutazama. Mahakama ya Juu ilifuta hukumu Machi 9, 1964, majaji wote tisa wakikubaliana, na tangu hapo kiongozi wa umma lazima athibitishe kwamba mwandishi alijua ni uongo au hakujali.

Mwaka 2018, lilipofunguliwa hapa kumbukumbu la walionyongwa, Advertiser liliandika tahariri ya kukiri jinsi lilivyoripoti mauaji yale. Tumetembea chini ya zile nguzo za chuma zinazoning'inia, kila moja na wilaya yake na majina. Holmes ipo.

Jumapili, Birmingham

Siku fupi. Watu walikuwa wanatoka ibada katika kanisa la 16th Street Baptist, ambako wasichana wanne waliuawa kwa bomu Septemba 1963. Mei mwaka ule dunia nzima iliona mbwa na mipira ya maji ya zimamoto ikielekezwa kwa watoto. Birmingham News, mali ya S.I. Newhouse aliyeishi New York, liliiweka habari ile kurasa za ndani. Mwaka 2006 lilichapisha picha za wapiga picha wake lenyewe zilizokuwa zimekaa kwenye sanduku kabatini. Kwa hiyo waandishi walikwenda, walipiga, walirudi. Kazi yao ikazuiwa juu yao.

Jumatatu, Atlanta

Auburn Avenue. William Alexander Scott alianzisha Atlanta World hapa Agosti 1928 akiwa kijana wa miaka 20 na kitu, akaligeuza kuwa la kila siku 1932, akajenga mnyororo wa magazeti dada hadi Memphis na Birmingham. Alipigwa risasi 1934 akafa. Ndugu yake, C.A. Scott, akashika usukani hadi 1997. Mwaka 1944 gazeti hili na chama cha wachapishaji cha Sengstacke ndio waliomwingiza Harry McAlpin Ikulu ya Marekani, mwandishi Mweusi wa kwanza kuhudhuria mikutano ya rais na wanahabari.

Ukisikia hayo utadhani jibu limepatikana: gazeti la Mweusi, mtambo wake, mtaa wake. Nimeshinda maktaba ya Auburn Avenue nikizungusha filamu za magazeti ya 1960, na jambo haliko hivyo. Machi 9 mwaka huo wanafunzi wa vyuo vya Weusi vya Atlanta walitoa tamko la haki za binadamu, rasimu yake ikiwa ya Roslyn Pope, mwanafunzi wa Spelman, chuo cha wanawake Weusi. Walilitoa kama tangazo la kulipia katika magazeti ya mji, Constitution, Journal, na Atlanta Daily World la akina Scott. Ni Kiingereza safi na kikali kiasi kwamba gavana Ernest Vandiver alidai hakikuandikwa na wanafunzi wa Georgia. Siku sita baadaye wakaenda kukaa kwenye migahawa ya Wazungu, na C.A. Scott akawapinga. Aliamini kura na biashara, si kukamatwa. Alikuwa na wafanyakazi wa kulipa, mkopo, na matangazo ya maduka yaleyale waliyoyasusa wanafunzi. Alikuwa mzee wa kazi aliyewafundisha waandishi wengi, na simwiti msaliti. Lakini aliyemiliki kila kitu isipokuwa mapato yake ya matangazo alikuwa bado ana mwenyewe.

Wanafunzi hawakumsubiri. Mwishoni mwa Julai 1960 likatoka gazeti jipya, Atlanta Inquirer. Fedha zilitoka kwa watu kama Jesse Hill wa kampuni ya bima ya Atlanta Life na mkandarasi Herman Russell, watu ambao wateja wao walikuwa Weusi na hawakumhitaji mwenye duka la katikati ya mji. Mhariri alikuwa M. Carl Holman, mwalimu wa Kiingereza wa Clark College. Ripota mmoja alikuwa Julian Bond, miaka 20. Mwingine alikuwa Charlayne Hunter, aliyeingia Chuo Kikuu cha Georgia kwa amri ya mahakama Januari 1961, akazomewa, nje ya bweni lake likafanyika fujo, na mwishoni mwa wiki alikuwa akirudi Atlanta kuliandikia Inquirer.